Mtoto wa Moja Nukta Tano

Mvua ya Migori ikiamua kunyesha kutwa nzima, leso za mtoto hukaukia sebuleni na nyumba yote hunuka maziwa. Si harufu mbaya. Ni maziwa yaliyoanza kuchacha, sabuni ya kipande na joto la mwili, na wiki iliyopita ilikuwa imetanda hivyo binti yangu mkubwa aliponisukumia kazi yake ya hesabu. Walikuwa wamefundishwa ile alama ya kulinganisha namba, ambayo mwalimu wao anasema ni mdomo wa mbuta, na mbuta ni samaki mlafi, hafungui mdomo ila upande wenye kikubwa. Upande huu palikuwa na 0.45 na upande ule 0.5. Mbuta wa binti yangu alikuwa ameikenulia 0.45.

“Hii ni arobaini na tano, hii ni tano, Mama,” alinieleza, kwa sauti ya kumhurumia mtu mgumu wa kuelewa. “Sasa ipi kubwa?”

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakabaki. Mtoto wa watu akaogopa, akafikiri amefanya kosa ambalo halijawahi kufanywa duniani. Nilimwambia akae. Kosa hilo nalijua vizuri. Nililifanya kabla yake, nikalifanya kwa sauti kubwa, na nyumba nzima ikaniamini.

Wenzangu wa rika langu mnazikumbuka zile simu ndogo zenye tochi, ambazo ukoo mzima ulikuwa nayo moja na kila mtu akiitaja kama jamaa. Yetu ilikaa kwa nyanya yangu, mama mzazi wa Baba, ambaye tulimwita Dani kama Wajaluo wote wanavyowaita nyanya zao. Tulikaa karibu na Kendu Bay, mahali ambapo ukisimama nyuma ya jiko unaliona ziwa. Dani alikuwa Msabato wa kweli kweli. Ijumaa jua likishuka, chakula cha kesho kilikuwa kimeshapikwa, maji yameshatekwa, na hata kuku walionekana kujua kwamba sasa wanyamaze. Simu yenyewe aliiogopa kidogo. Aliishika kwa vidole viwili, akanikabidhi mimi. “Ongea nayo wewe,” alikuwa akisema, “wewe ndiye unayesoma.”

Nilikuwa darasa la tatu. Namba nilizijua, au tuseme nilizijua zile nzima, zile za kuhesabia ng'ombe. Mwalimu wetu alikuwa ametupa sheria moja nzuri sana: namba yenye tarakimu nyingi ndiyo kubwa. Nilitembea na sheria hiyo kichwani kama mtu aliyepewa ufunguo wa stoo.

Mwaka huo Mama alikuwa mjamzito, na hesabu za watu wazima zilisema atajifungua baada ya mavuno. Mahindi yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa nywele uchungu ulipomshika. Baba, ambaye ni seremala, aliacha kitanda cha mteja kikiwa hakina miguu, akampeleka Homa Bay hospitalini, na kesho yake akapiga simu kusema tumepata msichana. Alisema ni mdogo, miezi yake haijatimia, amewekwa kwenye kisanduku cha joto. Kisha akasema uzito wake, na akausema kwa Kiingereza, kama alivyousikia kwa manesi. “One point four.”

“Hiyo ni ngapi?” Dani aliniuliza.

“Kilo moja na pointi nne.”

“Pointi ni kitu gani?”

Hapo ningeweza kusema sijui. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini mtoto aliyepewa cheo haulizi. Sokoni kwetu palikuwa na mama mmoja aliyeuza maharagwe kwa mizani ya mawe, ile yenye sahani mbili, na kando ya jiwe kubwa la kilo alikuwa na vijiwe vidogo vya kuongezea. Nikamwambia Dani pointi ni vile vijiwe. Mtoto wetu ana jiwe moja kubwa na vijiwe vinne. Dani alinikubalia papo hapo. Hata mimi nilijikubalia, na tangu siku hiyo nilimwona mdogo wangu hivyo, amelala kwenye sahani, na upande wa pili jiwe na vijiwe vyake.

Nilidhani tutaondoka siku hiyo hiyo kwenda kumwona. Dani akakataa. Kwetu mtoto wa kike hukaa ndani na mama yake siku tatu, kisha alfajiri hutolewa nje aonyeshwe kulivyo, na katika boma letu aliyesimamia kazi hiyo alikuwa Dani. “Nitamtoaje nje mtoto ambaye hajaingia ndani?” alisema. “Aje kwanza. Akija tutaonana.” Akaendelea kupepeta wimbi lake. Nilimwona ana roho ngumu, na nilimkasirikia kimoyomoyo kwa sababu kwa sauti nisingethubutu.

Sikujua wakati ule jambo ambalo Mama alikuja kunisimulia baadaye, nilipokuwa mkubwa wa kutosha. Kabla ya kumzaa Baba, Dani alizaa msichana kabla ya miezi yake. Alimpata asubuhi akamkosa jioni. Wakati ule wanawake wakubwa walimfunika yule mtoto wakamwondoa haraka, wakimwonea huruma yule mama mchanga, na kwa huruma yao hiyo hakupata hata kumpakata. Kwa hiyo Dani hakuwa na roho ngumu. Alikuwa anaogopa. Alikuwa amejiambia kwamba asiyemwona hatamlilia, na mtu akishajiambia jambo la namna hiyo hutafuta mila ya kulifunika.

Simu ya pili ilikuja Baba akiwa na sauti ya chini, ya mtu aliyekosa usingizi. “Mwambie Dani, leo ni one point thirty-five.”

Niliruka. Kutoka vijiwe vinne hadi thelathini na tano! Tarakimu mbili! Sikungoja hata Baba amalize, nilikimbia jikoni nikipiga kelele, na Dani akanishika mabega akaniambia nirudie. Nilirudia. Yaye! Mwanamke yule mzito alicheza. Akakaanga njugu, akaimba nyimbo tatu bila kupumzika, na akina mama wa kanisa waliokuwa wakipita kwenda kisimani wakaitwa wasikie, wakapiga makofi, mmoja akasema mtoto huyo atakuwa jitu. Sauti ya Baba ilinishangaza kidogo, maana haikuwa na furaha yoyote, lakini nilijiambia kwamba wanaume ndivyo walivyo hospitalini.

Siku zilizofuata habari zilikuwa za kawaida. Thelathini na nane. Arobaini na mbili. Arobaini na tano. Nilizitangaza moja moja na Dani akazipokea kwa kutikisa kichwa, akiwa na malalamiko madogo. “Huyu mtoto alianza kwa mbio, sasa anatembea,” alisema. Lakini nilimsikia akiimba zaidi. Nilimkuta pia akifuma kofia ya sufu, ndogo hivi kwamba nilidhani ni ya kufunikia birika. Hakuniambia ni ya nani, nami sikuuliza. Alikuwa ameanza kumpenda kwa siri, kijiwe kimoja kimoja.

Ikafika Ijumaa. Jua lilikuwa limebakiza kidogo kugusa ziwa, sufuria ya Sabato imefunikwa, Dani amenawa na kuvaa kitambaa safi kichwani. Simu ikalia. Baba alikuwa anapiga kelele na kucheka kwa pamoja.

“Awuor! Mwambie Dani leo ni one point five! Umesikia? One point fi—” Kredo ikaisha, simu ikakata.

Nilibaki nimeishikilia. Jana vilikuwa arobaini na tano. Leo vitano. Niliona sahani ya mdogo wangu ikipanda hewani kwa wepesi, na ile ya pili ikiinama, vijiwe vikidondoka vikipotea kwenye mchanga. Kicheko cha Baba hakikunipa moyo hata kidogo. Nilikuwa nimeona matangani watu wazima wakicheka huku macho yamekuwa mekundu, na nilijua kicheko kikubwa namna ile hutoka kwa mtu aliyelemewa.

“Imekuwaje?” Dani aliuliza.

“Vimebaki vitano.”

“Kati ya vingapi?”

“Arobaini na tano.”

Alikaa kwenye kigoda. Alikivua kile kitambaa safi, akakifunga upya, akakivua tena. Jua likazama, Sabato ikaingia, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe haikufunguliwa kwa wimbo. Niliketi chini kando ya mguu wake nikilia bila sauti. Nilikuwa nampenda mtoto ambaye sijamwona, na sikujua kwamba jambo hilo linawezekana wala kwamba linauma vile.

Baadaye akasema, akiwa kama anaongea na moto uliozimwa, “Kesho tunaenda. Kama anaondoka, asiondoke bila kuonwa na mtu wa kwao.”

Asubuhi Dani alivaa gauni lake la kanisa, lile la buluu lenye vifungo mbele, akanivalisha viatu, tukashika njia ya upande usio wa kanisa. Njiani tukakutana na mzee wa kanisa akiwa na Biblia kwapani. Alisimama, akatutazama sisi, akaitazama njia.

“Mama, kanisa liko huku.”

“Najua liliko.”

“Leo ni Sabato.”

“Ng'ombe ameanguka kisimani,” Dani alisema. Kila Msabato analijua andiko hilo, kwamba ng'ombe akitumbukia siku ya Sabato hutolewa siku hiyo hiyo.

“Ng'ombe wa nani?”

“Wangu.”

Yule mzee aliielewa sauti hiyo. Alivua kofia, akasogea pembeni tukapita.

Hospitalini Homa Bay harufu ilinipokea kabla ya mtu: dawa ya kudekia sakafu, na chini yake maziwa, maziwa mengi, ya akina mama waliokamua kwenye vikombe wawanyweshe watoto wasioweza kunyonya. Baba alikuwa kwenye benchi nje ya wodi akila chapati. Alipomwona mama yake, Jumamosi, mbali na kanisa, chapati ilimponyoka.

“Mama! Nani amekufa nyumbani?”

“Nyumbani hakuna aliyekufa,” Dani alisema. “Nimekuja kwa ajili ya wa huku.” Akampita.

Mlangoni alisimama nesi mmoja mfupi mwenye kifua kipana, Sista Boke, Mkuria wa Ntimaru. Kijaluo hakukijua na Kikuria Dani hakukijua, kwa hiyo walikutana kwenye Kiswahili, kila mmoja akija na chake.

“Mama, simama hapo. Nawa mikono kwanza. Unatafuta nani?”

“Mimi natafuta mtoto yangu. Niambie tu, Sista. Ako hai?”

“Mtoto ya nani?”

“Ya huyu,” Dani alisema, akimwonyesha Baba aliyekuwa amefika mbio nyuma yetu. “Ile ya kupungua. Ile imebaki na tano.”

Sista Boke alimtazama Baba. Baba alinitazama mimi. Sijawahi kutamani kuwa mfupi kama siku hiyo. Nilieleza yote, jiwe kubwa, vijiwe, arobaini na tano za juzi na tano za jana.

Sista hakucheka, na kwa hilo nampenda mpaka leo. Alichomoa kalamu mfukoni, akaandika kwenye kiganja chake, akainama nione. Juu 1.45. Chini 1.50.

“Mizani yetu inaandika hivi. Iko na namba mbili baada ya pointi, kila siku. Sasa baba yako jana aliona hii zero ya mwisho akaiacha.”

“Kwa nini aliiacha?” Nilimgeukia Baba kwa hasira. Niliona kama ameiacha benchini na ile chapati.

“Kwa sababu haina kazi,” Baba alisema kwa unyonge.

“Haina kazi, na ukiiweka tano inakuwa hamsini?”

Hata sasa, nikiwa na watoto wawili na cheti ukutani, bado naona lilikuwa swali la haki. Sista alijaribu kunieleza kwamba vijiwe havilingani, kwamba ile namba ya kwanza baada ya pointi ni ya vijiwe vikubwa na ya pili ni ya vidogo, na vikubwa vitano vinavishinda vikubwa vinne na vidogo vitano. Nilikuwa nimeanza kuona mwanga Dani alipotukatiza.

“Wewe Sista, mimi niambie polepole. Hiyo one point five ni nini?”

“Ni kilo moja na nusu, mama.”

“Nusu?”

“Nusu.”

“Nusu mimi najua!” Dani alipaza sauti mpaka akina mama wa ndani wakachungulia. “Hata mtoto mdogo anajua nusu! Mbona hamkusema nusu?” Akaegemea ukuta, mkono kifuani, akacheka, akacheka hadi kitambaa kikamwangukia shingoni. Kisha nikaona anahesabu kitu kichwani. “Na ile siku ya kwanza? Kutoka nne kwenda thelathini na tano?”

Baba alitazama chini. “Siku ile alikuwa amepungua, Mama. Nilikuwa naogopa.”

“Mimi niliimba,” Dani alisema. “Mtoto anapungua na mimi nakaanga njugu.”

“Hawa wadogo wote hupungua kwanza, ndiyo wapande,” Sista Boke alimwambia. “Uliimba mapema tu, mama. Si mbaya. Nawa mikono.”

Mama alikuwa kitanda cha mwisho, dirishani. Niliona macho yake kwanza, yalivyokuwa yameingia ndani, halafu nikaona kwamba kifua chake kimevimba chini ya leso, na uvimbe huo una kofia. Siku hizo walikuwa wamemtoa mtoto kwenye kisanduku na Mama ndiye aliyekuwa kisanduku, amembeba ngozi kwa ngozi mchana na usiku, akilala amekaa ili mtoto asikose joto. Hakuwa amelala usingizi wa maana tangu aanze. Alipomwona Dani alilia kama msichana mdogo. Hakuwa amemwomba aje. Alikuwa amejua kwa nini haji, na hakumlaumu, lakini alikuwa amemhitaji siku zote zile.

Dani alisimama hatua chache kutoka kitandani, akakwama hapo. Aliyevuka Sabato na mzee wa kanisa alishindwa na hizo hatua chache.

“Kuja, mama, kuja,” Sista Boke alisema, akiwa tayari ameshavuta kiti. “Huyu msichana yako akikosa usingizi maziwa itakauka. Kaa hapa. Fungua hiyo nguo.”

“Mimi?”

“Uko na kifua? Iko na joto? Basi.”

Dani alikaa. Alifungua vifungo vya gauni la kanisa kimoja baada ya kingine, na Sista akamtoa mtoto kwa Mama akamlaza kati ya maziwa yale ya kizee. Kichwa chake hakikuzidi chungwa. Mguu wake, nakumbuka, ulikuwa mwembamba kuliko kidole gumba cha Baba, na ngozi imekunjamana kama ya mtu aliyekaa sana majini. Alijipinda kidogo, akafungua mdomo bila kutoa sauti, kisha sikio lake likapata mapigo ya moyo wa Dani akatulia. Mikono ya Dani ilikuwa bado hewani, haijui iende wapi. Ikashuka taratibu. Mmoja ukafunika mgongo wote wa mtoto, mwingine ukafunika kofia.

Mama alikuwa amelala kabla Sista hajamaliza kufunga leso. Alilala hadi jioni bila kugeuka. Dani naye hakuinuka kitini, hakula, hakuongea na sisi. Aliongea na mtoto tu, kwa Kijaluo, kwa sauti ya chini sana, na mimi niliyekuwa nimejikunja sakafuni karibu na mguu wa kiti nilisikia kipande kimoja ambacho sikukielewa. “Shangazi yako alikuwa na haraka,” alimwambia. “Wewe usiwe na haraka.”

Hakurudi nyumbani. Mimi na Baba tulirudi, tukala chakula kibaya tulichojipikia, na yeye akabaki kupokezana na Mama kifua kwa kifua. Nikiwatembelea nilimkuta mara nyingine akiwa na harufu ile ile ya leso, maziwa na sabuni, yeye ambaye maisha yake yote alinuka moshi na samaki. Nimewahi kujiuliza ingekuwaje kama siku ile ningejua hesabu. Ningemwambia Dani mtoto ameongezeka, naye angetikisa kichwa, angeingia kanisani, angengoja. Pengine mtoto angepona vilevile. Lakini Dani angebaki na kifua kitupu, na sidhani kama kuna jibu sahihi ambalo lingemfaa kuliko kosa langu.

Siku ya kuruhusiwa ilipofika tulikuwa wote. Mizani ilikuwa juu ya meza karibu na mlango, nyeupe, yenye kioo kidogo cha namba zinazowaka, na akina mama walipanga mstari na watoto wao. Mbele yetu alikuwa mama mmoja mwenye blanketi zito. Sista Boke alitandika blanketi tupu kwanza, akabonyeza kitufe, namba zikawa sifuri. Ndipo akamlaza mtoto.

“Nimeiambia isahau blanketi,” alinieleza, kwa maana sasa alinichukulia kama mwanafunzi wake. “Nataka mtoto peke yake.”

Yule mama alipomwinua mtoto pamoja na blanketi lake, kioo kikaandika kitu ambacho sikuwahi kukiona: kistari kidogo, kisha 0.45. Aliyefuata alikuwa na leso nyepesi. Alipoondoka na mtoto wake kioo kikaandika kistari na 0.30.

“Hicho kistari ni nini?”

“Ni minus. Iko chini ya zero. Ilikuwa imezoea blanketi; sasa blanketi imeenda, inaona imepoteza.”

“Basi ile ya blanketi ndiyo kubwa,” nilisema haraka, nikijivuna, maana vijiwe vikubwa na vidogo nilikuwa nimeshavijua. “Arobaini na tano na thelathini.”

“Hapana. Hii ya leso ndiyo kubwa.”

“Lakini wewe mwenyewe ulinifundisha!”

“Nilikufundisha ya juu. Huku chini inageuka.” Alifikiri kidogo. “Wewe ni mtu wa ziwa. Huyu amezama kwenye matope mpaka magoti, huyu mpaka kifundo cha mguu. Nani ako juu?”

“Wa kifundo.”

“Basi. Anayezama zaidi ndiyo ako chini zaidi. Minus ni matope.”

Kisha zamu yetu ikafika. Mama alitandika leso yake, Sista akabonyeza, sifuri. Akamlaza mtoto wetu, ambaye sasa alikuwa na mashavu na sauti, na sauti hiyo akaitumia yote. Namba zilipanda zikashuka zikatafuta mahali pa kukaa. 2.00.

“Mbili kamili,” Sista Boke alisema.

“Na hizo zero mbili?” niliuliza. Nilikuwa nimejifunza kutoziamini.

“Leo hazina kazi. Mbili ni mbili.”

“Gorogoro moja ya mahindi!” Dani alisema, kwa maana kopo la gorogoro hubeba kilo mbili, akapiga kofi moja, akaufunika mdomo wake kwa mkono ule ule. Baba aligeukia dirisha akajifanya anatazama gari. Sista akamwekea Mama mkono begani, akatuambia tutakuja kliniki, tusimwogeshe kwa maji baridi, tusimpe uji hata nyanya akitubembeleza vipi, twende salama.

Mama alimwinua mtoto na leso yake, akamfunga kifuani, kelele zikakatika. Mizani ikabaki tupu mezani. Dani alikuwa ameinama karibu nayo.

“Inasema nini sasa?” aliniuliza.

Nilitazama kile kistari na namba zake, nikatafuta jinsi ya kumwambia mtu asiyejua minus.

“Inasema imepungukiwa, Dani. Kuna kitu imenyang'anywa.”

Aliitazama, mtu angedhani anaionea huruma.

“Safari hii ni zamu yake kunyang'anywa,” akasema, akatangulia kumfungulia Mama mlango.